Ufundi wa Kutoona: Umbo la Jaribio la Thiosalfeti

Jaribio la thiosalfeti, ambalo wengi wetu tulikutana nalo katika maabara ya sekondari, huanza na alama ya X iliyochorwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe iliyowekwa chini ya bika, na huisha alama hiyo inapozama. Asidi ya haidrokloriki humiminwa kwenye myeyuko wa sodiamu thiosalfeti, ukungu wa salfa (ndiyo hiyo wanayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga) hutanda taratibu, na mtazamaji, ameinamia bika na saa mkononi, husubiri asione.

Jedwali lake lina urari wa kishairi. Thiosalfeti hushuka kutoka sentimita za ujazo 50 hadi 40, 30, 20, 10; maji hupanda kutoka 0 hadi 40; asidi haiguswi. Maji hayo, ambayo mwanafunzi huyadharau kwa kuwa hayamenyuki na chochote, ndiyo yanayotimiza mizani: bila hayo ukolezi wa asidi ungebadilika pamoja na wa thiosalfeti, na kina cha kimiminika kingepungua, jicho likapenya ukungu mwembamba zaidi. (Kina cha bika, si cha ubeti, ingawa vyote viwili havivumilii kuvunjwa.)

Uhalali wa kuandika kasi kama 1/t, t ikiwa muda wa kusubiri huko, unategemea dai moja lisilotamkwa: kwamba X hutoweka kila mara kwa kiasi kilekile cha salfa. Ndiyo maana jicho liwe moja, mwanga uleule, bika la upana uleule, karatasi ileile. Halijoto nayo isomwe kila mara, kwa kuwa nyuzi 10 tu zaweza kukaribia kuongeza kasi maradufu.

Udhaifu wa umbo hili naona uko mwanzoni. Mwisho umesanifiwa kwa makini, lakini saa ibonyezwe lini: tone la kwanza linapogusa, au la mwisho? Nusu sekunde katika sekunde 100 ni asilimia 0.5, katika sekunde 20 ni asilimia 2.5. Kosa hulemea nukta za juu kabisa za grafu, zile tunazoziamini upesi kwa sababu zilikwisha upesi. Na bika lisiposuuzwa vyema, utando wa salfa ya jana hubaki kwenye kitako chake, na X huanza kufifia kabla asidi haijafika.