Kidole cha Mjomba

Kijitabu kile kiliingia Kasongo ndani ya soksi. Mjomba alisafiri nacho kutoka Kinshasa, meli ya mto hadi Ilebo, gari moshi kwa njia ya Kamina na Kabalo hadi kituo cha Samba, kisha akavuka Lualaba. Kwa kuwa mabegi hupekuliwa njiani na watu wasiorudisha walichokiona, kitu alichokithamini alikivaa mguuni. Alikitoa kabla hata ya kufungua vitenge. Karatasi mbovu, wino wa kubaki vidoleni, pini moja iliyoshika kutu. Sisi watoto tulisoma jina la mchoraji, Papa Mfumu'eto, tukarudi nyuma hatua moja. Kwetu mufumu ni mganga, yule wa kupiga ramli. Mjomba akacheka: kwa Kikongo mfumu ni chifu, na jina zima ni "chifu wetu". Hatukusadiki sana, na yaliyokuwamo ndani hayakutusaidia kusadiki.

Ndani mlikuwa na bwana mwenye pesa anayegeuka chatu, akammeza mwanamke, kisha akatapika noti za dola. Ndicho kisa cha Nguma ameli mwasi na kati ya Kinshasa, kilichotoka mwaka 1990 kwa Kilingala, kikauzwa masokoni na barabarani kwa bei ya mtu wa sokoni. Mwaka huohuo, tarehe 24 Aprili, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Wapo wasomaji waliomwona yeye ndani ya ngozi ya yule nyoka, ingawa hakuna aliyewaambia.

Wachoraji wana wa kuwasifu, na wanastahili. Mwaka 2015 kazi za Papa Mfumu'eto zilitundikwa Paris katika maonyesho ya Beauté Congo ya Fondation Cartier, na makaratasi yake leo yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, huko Marekani. Msomaji wa uani hana makumbusho. Basi huyu ndiye ninayetaka kumsifu.

Mjomba alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, sisi tukajibana nyuma ya mabega yake. Aliweka kidole kwenye kisanduku cha kwanza, akanyamaza. Hakusoma neno mpaka kila mtoto awe ameona, hata yule mfupi wa nyuma. Ndipo sauti ikaja, nzito kwa tajiri, ya puani kwa majirani. Kilingala kwetu kilikuwa lugha ya askari na ya muziki; amri tulizijua, na viitikio, basi. Mjomba alikigeuza Kiswahili papo hapo. "Kati ya" haikuhitaji kugeuzwa, ilikuwa yetu tayari. "Ameli" akaitamka mara mbili, taratibu, kisha "amemeza", nasi tukacheka kuona maneno mawili yalivyo ndugu. Palipomshinda alipaacha kwa Kilingala na kuongeza sauti, jambo ambalo hata watafsiri wa vitabu vinene hulifanya kwa siri.

Lakini ufundi wenyewe ulikuwa pale alipoinua kidole. Kati ya kisanduku na kisanduku pana uchochoro mweupe, usiotimia upana wa ukucha, na mambo makubwa ya katuni hutendeka humo. Mchoraji atakuchorea mguu ulioinuliwa, halafu mlango ulioanguka. Teke lenyewe hutalikuta kwenye karatasi. Mjomba alijua muda wa teke, na muda wa mimba, na muda wa mtu kusafiri. Kidole kilikaa hewani kwa kadiri hiyo, sisi tukalijaza pengo kila mmoja kwa woga wake. Nafikiri alijifunza chuoni. Kasongo ni mji wa vyuo vya Kurani tangu ulipokuwa makao ya mfanyabiashara Tippu Tip, kabla ya jeshi la Mbelgiji Dhanis kuuteka Aprili 1893, na mtoto wa chuoni hufuata herufi kwa kijiti, hasogei mpaka mwalimu asogee. Kidole cha Mjomba kilikuwa kijiti kile kilichobadilishiwa kazi.

Nimekutana baadaye na katuni nyingine iitwayo ya Kongo, ile ya Hergé ya mwaka 1931, iliyochorwa na mtu asiyewahi kukanyaga huku. Toleo nililoliona lilikuwa na rangi safi na karatasi inayong'aa. Halinihitaji kabisa. Kila kitu kimekwisha kuamuliwa mle, pamoja na unene wa midomo yangu. Hata visa vya familia ya Mbumbulu, ambavyo serikali ya Wabelgiji ilivichapisha katika gazeti la Nos Images ili tujifunze adabu za mjini, havikuacha uchochoro wa mtu kupita.

Mikusanyo minene ya wachoraji wengi, kama ile ya Africa Comics kutoka Italia, naisoma kama abiria wa lori: napanda popote, nashuka nikichoka. Ina raha yake. Ila huwezi kuikunja ikaingia kwenye soksi.

Siku hizi mpwa wangu anatengeneza vya kwake. Anakunja karatasi moja ya A4 katikati mara tatu, anaifungua, anapasua sehemu ya kati ya mstari wa katikati kwa wembe, anaikunja tena: kurasa 8 za sentimita 7.4 kwa 10.5, bila pini. Michoro yote hukaa upande mmoja, kwa hiyo fotokopi moja inatosha, siku jenereta ya yule jamaa wa sokoni ikikubali. Akikosea kupanga, ukurasa wa tatu husimama kichwa chini, naye huuza hivyohivyo.

Cha mwisho kinahusu lori lililozama tope kwenye barabara ya Kabambare. Nilikipokea, nikaweka kidole kwenye kisanduku cha kwanza: gurudumu ndani ya tope. Nikahamia cha pili: gurudumu ndani ya tope, na jua limeshuka. Akanishika mkono, akaurudisha nyuma.

"Mjomba, usiharakishe. Hapo bado tunasukuma."