Daktari Aliyeanzia Ng'ambo ya Ziwa

Makambako tumezoea wasafiri: reli ya TAZARA inapita hapa, na barabara ya Njombe na Songea inaachana hapa na ile ya Mbeya. Pongezi hizi ni za msafiri aliyeanza kazi upande wa pili wa Ziwa Nyasa, nchi inayotazamana na Ludewa: Dk. Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait.

Alikuwa bingwa wa magonjwa ya tumbo, amesoma Baghdad, Liverpool na Montreal. Angeweza kubaki hospitalini kwao, akala mshahara wake kwa raha. Mwaka 1981, baada ya kuuona umaskini wa Waislamu wa Malawi, alianzisha na wenzake kamati ya kuwasaidia. Kamati ikakua, ikawa Africa Muslims Agency, leo Direct Aid: visima, chakula wakati wa ukame, zahanati, malezi ya yatima.

Misikiti ilijengwa pia, na mingi. Ninachokisifu zaidi ni kwamba wafadhili wengine hutuma fedha tu, ila huyu alikuja mwenyewe, na kisukari chake, akaingia vijijini. Mwaka 1996 alipewa Tuzo ya Mfalme Faisal. Fedha za tuzo hiyo akazielekeza kwenye elimu ya Waafrika. Chuo kilichoanza Chukwani, Zanzibar, mwaka 1998 sasa kina jina lake. Alifariki 2013.

Mkoa wetu wa Njombe unaongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, na yatima tunao. Wenye mbao, chai na viazi, wa dini yoyote, msingoje daktari mwingine kutoka Kuwait: nunueni sare na madaftari kabla ya Januari.