Kondoo wa Nathani Kaenda Wapi?

Waandishi wenzangu, leo sihakiki riwaya wala diwani. Nataka kuhakiki maandishi ambayo wengi wetu tumeyasikia mara nyingi kuliko tulivyosoma hadithi, na hakuna anayeyahesabu kuwa fasihi: tafakari ya masomo ya Dominika. Ile ya kwenye kijitabu, ya gazeti la kanisa, ya redioni alfajiri mama akiwa anachoma maandazi. Fani yake mnaijua. Wapendwa katika Kristo. Somo la kwanza linatufundisha hivi, la pili linakazia, Injili inatualika. Je, wewe ndugu yangu? Tumsifu Yesu Kristo. Kurasa mbili, kwisha kazi.

Sisemi kwa dharau. Kabla sijamjua Shaaban Robert nilishajua kuandika "hebu tujiulize". Kiswahili changu cha kalamu nimekiokota huko, na ndiyo maana nina ugomvi nayo.

Kwa wasio Wakatoliki, kwanza niseme kwamba padri hajichagulii masomo. Kuna kitabu cha masomo kilichopangwa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano na kutolewa mwaka 1969. Dominika zinazunguka kwa miaka mitatu: Mwaka A ni wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka. Yohana anapenyezwa zaidi Kwaresima na Pasaka, na Mwaka B anashika Dominika tano mfululizo, ya 17 mpaka ya 21, sura ya sita, mkate, mkate, mkate. (Waandishi wa tafakari nawahurumia hapo. Ikifika Dominika ya tatu ya mkate mtu ameshaishiwa, anaanza kutueleza habari za unga.) Somo la Agano la Kale, mara nyingi, huchaguliwa ili liitikiane na Injili.

Kama ni msuko, huu ni msuko wa mtu aliyejua kazi. Mwaka wa kanisa unaanza na Majilio, na Dominika ya kwanza kabisa ya Majilio inatusomea habari za mwisho! Mwanariwaya gani asingeona wivu?

Lakini hebu tuingie Dominika ya 11, Mwaka C. Mara ya mwisho ilisomwa Juni 12, 2016. Nilikuwa kidato cha tatu, tunakaa Mbagala. Jumamosi yake asubuhi jumuiya yetu ilikutana uani kwa jirani kutafakari masomo ya kesho, kama kawaida. Katekista alikuwa amesafiri, akaniachia kijitabu. "Wewe si unaandikaandika, basi soma halafu ongeza ya kwako." Nikachana karatasi ya daftari nikaandika ya kwangu usiku mzima. Mada: Daudi alikiri, Mungu akamsamehe, je, sisi tunakiri? Nilijiona nimefika.

Nikasoma. Nikamaliza. Wazee wakatikisa vichwa. Kisha mama mmoja, ambaye mwezi wa tatu alikuwa amezika mtoto wa miezi minne, akanyoosha mkono. Biblia ilikuwa wazi mapajani mwake.

"Mwanangu, mbona umeishia hapa? Na mtoto je?"

"Mtoto gani, mama?"

"Wa yule mwanamke. Huku mbele naona Daudi kasamehewa, mtoto kafa. Mtoto alikosa nini?"

Sikuwa nimefika huko. Nilikuwa nimesoma aya nilizoandikiwa, basi. Nikafungua kijitabu, nikakifunga. Akaendelea mwenyewe, polepole, kidole kwenye mstari: watumishi wanaogopa kumwambia mfalme, wananong'onezana, na Daudi kwa kuwaona tu wakinong'ona anajua kwamba mtoto amekwisha. "Hata mimi nilijua hivyo hivyo," akasema. "Nesi alikuwa ananong'ona na mwenzake."

Mwenyekiti akaniokoa kwa wimbo.

Sasa tutazame kilichotokea kama wahakiki. Somo la siku ile ni 2 Samweli 12, aya ya 7 mpaka 10, kisha inarukwa mpaka ya 13. Ukiingia kwenye aya ya 7 unamkuta Nathani tayari anamkaripia mfalme. Ukitokea kwenye ya 13 Daudi anatubu na kusamehewa. Kilichobaki nje mwanzoni ni sura ya 11 yote, yaani Bathsheba, barua aliyopewa Uria aibebe mwenyewe ikiwa na amri ya kifo chake, na aya sita za kwanza za sura ya 12. Kilichobaki nje mwishoni ni yule mtoto.

Na aya sita zile ndizo hadithi fupi bora kuliko zote ninazozijua. Tajiri ana mifugo tele. Maskini ana kondoo jike mmoja mdogo, amemlea pamoja na wanawe, anakula naye, anamlaza kifuani kama binti. Akaja mgeni kwa tajiri. Tajiri akaona uchungu kuchinja wa kwake, akamchukua wa maskini. Daudi anasikiliza, anapandwa na hasira, anaapa mtu huyo afe na alipe mara nne. Ndipo Nathani anamwambia kuwa mtu huyo ni yeye. Mfalme amejihukumu kwa kinywa chake kabla hajajua yuko mahakamani. Sisi kanisani tunasomewa hukumu bila kesi.

Kinachoniuma zaidi ni Injili ya siku hiyo hiyo. Ni Luka 7, yule mwanamke mwenye dhambi anayelowesha miguu ya Yesu kwa machozi nyumbani kwa Simoni Mfarisayo. Yesu anafanya nini? Anamwambia Simoni kisa: wadeni wawili, mmoja dinari 500, mwingine 50, wote wamesamehewa, nani atapenda zaidi? Simoni anajibu, na jibu lake linamshika mwenyewe. Ni mtego ule ule wa Nathani! Aliyeweka masomo haya pamoja alitaka yaitikiane kwa msamaha, na yanaitikiana kweli. Lakini kondoo akiwa ameondolewa, msikilizaji hawezi kuona kwamba hata namna ya kusimulia inaitikiana.

Najua utetezi. Misa ina muda wake, watoto wanalia, wa misa ya pili wamejaa nje wanangoja. Na kisa hakijafutwa kabisa, kinasomwa Jumamosi ya wiki ya tatu ya kipindi cha kawaida, katika mwaka wa pili wa masomo ya siku za juma, sasa hesabu mwenyewe mko wangapi misa ya Jumamosi. Hata pale somo linaishia aya ya 17, mtoto bado mgonjwa. Ratiba ya pamoja ya makanisa ya Kiprotestanti ya mwaka 1992 Dominika kama hiyo inaanza nyuma kidogo, na kondoo yumo. Kwa hiyo inawezekana.

Ila sina ugomvi mkubwa na ratiba. Ratiba ni mkasi, na mkasi kazi yake kukata. Hata Zaburi ya 137, Dominika ya nne ya Kwaresima Mwaka B, inakatwa aya ya 6, kabla uchungu wa Babeli haujawa chuki. Ugomvi wangu ni na mwandishi wa tafakari, maana yeye alikuwa na Biblia nzima mezani. Kurasa mbili zinamtosha kondoo mmoja. Badala yake anaanza na jibu. Nathani angeandika kama sisi angesema: "Ee mfalme, leo tunaalikwa kutafakari ubaya wa uzinzi." Daudi angepiga miayo, angemshukuru, angeendelea na shughuli zake.

Nasema "sisi" kwa sababu mwaka 2023 mswada wa riwaya yangu ulirudi. Mhariri alikuwa ameandika kwa penseli pembeni: "Hapa unahubiri tena." Nilihesabu, mara kumi na moja. Sura ya nne baba anamfukuza binti yake mwenye mimba, na kabla binti hajafika stendi mimi nimeshamweleza msomaji nani mkosaji na dawa yake nini. Shule nayo ilichangia: "taja dhamira nne", "eleza ujumbe wa mwandishi". Hakuna aliyewahi kutuuliza kwa nini mwandishi ametuficha jambo mpaka ukurasa wa 60. Lakini mkono wenyewe niliutambua. Ni ule wa karatasi ya daftari, Mbagala.

Nimeiandika upya sura ya nne. Sasa binti anafika stendi, anahesabu nauli, basi. Sijui kama ni nzuri.

Mwaka C ulirudi 2019, ukarudi 2022, na mara zote Dominika ya 11 iliangukia sikukuu ya Utatu Mtakatifu ikapisha. Mwaka 2025 nilingoja tena. Juni 15, Utatu tena. Nathani hakuja. Jioni nikachukua Biblia nikasoma kwa sauti jikoni, toka mwanzo wa sura ya 11, bila kukata, bila kuongeza neno. Mama alikuwa anachambua mchele. Nilipofika pale mgeni anapobisha kwa tajiri nikanyamaza nimeze mate.

"Halafu?" mama akauliza.