Vikapu Vyetu na Ukindu Usiokauka

Twataka kusema neno juu ya vikapu viuzwavyo Arusha mjini na katika soko la Tengeru. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku katika Tanzania, watu wengi wamekirudia kikapu, nasi yatupasa kukitazama kwa jicho kali kidogo kuliko zamani.

Kwa sura, vikapu hivi havina lawama. Rangi zapendeza, mistari imenyooka, mikono imeshonwa vema. Lakini tuingize mkono ndani, tukunje ukingo, kisha tunuse. Kingine chanuka koga, na kili zake zimeachana hata ulezi hupita katikati. Kosa hilo halikufanywa wakati wa kusuka. Lilifanywa siku nyingi kabla, ukindu ulipokuwa ungali mbichi.

Mkindu huota kando ya vijito na penye majimaji. Huchukuliwa kuti changa lisilofunguka bado, kwa kuwa ni laini. Huchanwa, huanikwa juani mpaka liwe jeupe na kukauka kabisa, na hapo ndipo penye kazi yenyewe. Jani bichi limejaa maji. Likisukwa hivyo, hukauka likiwa limekwisha kuwa kikapu. Likikauka husinyaa, na kila jani lisinyaapo kidogo, ukili mzima hulegea. Msukaji ajuaye hukausha kwanza. Siku ya kusuka huyanyunyizia majani maji, au huyafunga katika kitambaa chenye unyevu, yapate kupindika pasipo kuvunjika. Mgeni wa kazi hii huuliza: kuna faida gani kukausha kitu na kukilowesha tena? Faida ipo, maana jani lililokwisha kukauka halirudii unene wake wa kwanza. Nayo rangi yataka maji yachemkayo. Ile iliyotiwa kwa haraka hukaa juu juu tu, na siku ya mvua hushukia kanga ya mwenye kikapu.

Haya yote ni magumu zaidi kwetu kuliko pwani. Mteremko wa kusini wa mlima Meru hupata mvua nyingi, na mwezi wa Juni na Julai mawingu huweza kukaa juu ya migomba mchana kutwa. Ukindu ulioanikwa chini ya mawingu hayo huota madoa meusi. Upande wa Ngarenanyuki nchi ni kavu, na jua la huko lingefaa sana kwa kuanika. Twashangaa kwamba wasukaji hawalitumii zaidi. Kamba za mgomba, tulizo nazo tele, zafaa kufungia mizigo na kupambia ukingo, lakini hunywa maji, wala hatuwezi kuzisifu kwa kikapu cha sokoni.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika vikapu neno hili halitimii, kwa sababu ubaya umefichwa ndani. Mama aliyeanika siku nyingi na mama aliyeanika siku moja huleta vikapu vyenye sura moja, na mchuuzi huwapa bei moja. Basi yule wa kwanza ataendelea kuanika kwa ajili ya nini? Lawama yetu kubwa twamwekea mchuuzi huyu, si msukaji. Kama angekunja ukingo na kunusa kabla ya kutoa fedha, na kukilipia zaidi kile kilichokauka, ukindu ungekaa juani muda unaopasa.

Na mti wenyewe tusiusahau. Mkindu huota kwa kichaka, lakini kila shina lina kilele kimoja tu. Akataye makuti machanga yote huudhoofisha mti; akigusa moyo wake, shina lile limekufa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha kukata ni marufuku, kwa hiyo mikindu ya vijitoni vijijini ndiyo iliyo mikononi mwetu, nayo kila kikapu kiozacho baada ya masika moja huirudisha panga kabla haijapata nguvu ya kuchipua.