Tovuti Hukaguliwa kwa Siku ya Kuhama

Fundi wa tovuti aliyebobea jijini Nairobi hatazami rangi kwanza. Akipewa tovuti ya duka la vitambaa la Biashara Street au ya shule ya Lavington, huomba kuingia jikoni, yaani ukurasa wa ndani ambao wateja hawauoni. Kama ni WordPress, pembeni pana kiduara chenye tarakimu: idadi ya masasisho yanayongoja. Kikionyesha 2, pana mtunzaji. Kikionyesha 31, nyumba haina mtu. Kisha hufungua orodha ya watumiaji, akawahesabu wenye mamlaka yote. Duka la watu watatu likiwa na wasimamizi tisa, wengine waliacha kazi kitambo, funguo zake zimezagaa mjini.

Hapo ndipo linapoanza swali la kupanga au kujenga. Wix, Squarespace na WordPress.com ni nyumba za kupanga: seva, ulinzi na masasisho ni juu ya mwenye nyumba, mteja hulipa na kuandika. Kujenga ni kuchukua programu huria, kama WordPress iliyotoka mwaka 2003, Drupal au Joomla, kuiweka kwenye seva na kuilea mwenyewe. (Hiyo Joomla ni neno letu “jumla” kwa tahajia ya Kizungu, jina ambalo mradi ulijipa mwaka 2005 ulipojitenga na Mambo.)

Nairobi imeonja yote mawili. Ushahidi ilizaliwa Januari 2008, katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi, ikiwa ramani ya kupokea taarifa za wananchi. Programu yake ikatolewa bure, lakini aliyeitaka alihitaji seva na fundi wa kuisimika, na wengi hawakuwa navyo. Basi mwaka 2010, mwaka uleule kituo cha teknolojia cha iHub kilipofungua milango Ngong Road, ikaja Crowdmap: ramani hiyohiyo, tayari, kwenye seva za Ushahidi wenyewe. Mtu aliianzisha kwa dakika chache. Leo Crowdmap haipo tena. Mpangaji alifuata ratiba ya mwenye nyumba. Aliyejijengea alibaki na ramani yake kwa muda alioweza kuitunza.

Kutunza huko si jambo dogo. Januari 2012 mvamizi mmoja wa Indonesia alichafua zaidi ya tovuti 100 za serikali ya Kenya kwa mkupuo. Anayejenga na aweke kando mshahara wa mlinzi, mwezi baada ya mwezi, la sivyo apange.

Umbali nao una uzito. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota. Mkazi wa Westlands anayefungua tovuti iliyo kwenye seva ya Nairobi anaweza kuifikia kupitia KIXP, kituo cha kubadilishana mawasiliano ya humu nchini, bila safari ya kuvuka bahari. Kampuni nyingi za seva za hapa hupokea pia M-Pesa, ilhali huduma za ng'ambo kwa kawaida hudai kadi na dola.

Saluni ya Kilimani yenye kurasa nne inatoshwa na kupanga. Kuiuzia seva nzima ni dhuluma. Gazeti au maktaba yenye makala ya miaka kumi ina sababu nzuri ya kujenga.

Vyovyote iwavyo, jina la tovuti lisajiliwe kwa mwenye biashara. Majina ya .ke husimamiwa na KeNIC, ambayo ofisi zake ziko Waiyaki Way, na fundi aliyejiandikisha yeye ameshika hati ya shamba la mwenzake. Halafu uje mlango wa kutokea. Wix hairuhusu tovuti yake kuhamishiwa seva nyingine. WordPress hutoa faili lenye maandishi yote, ila picha zimo kama anwani tu, kwa hiyo anayekabidhiwa faili hilo kama bakapu kamili amepewa nusu. Inayobaki ni hifadhidata yenyewe na folda ya picha.

Mkaguzi makini huzichukua zote, akazirudisha kwenye kompyuta nyingine fundi aliyeijenga tovuti akiwa papo hapo, kisha akafungua makala ya zamani kuliko zote, ile yenye picha nyingi. Picha zikitokea mahali pake, malipo ya mwisho yatolewe.