Maji ya Tope: Bandari ya Gunsan katika Riwaya ya Chae Man-sik

Mto Geum, mmoja wa mito mikubwa ya Korea, huingia katika bahari ya magharibi penye mji wa Gunsan. Chae Man-sik, aliyezaliwa jirani na mji huo mwaka 1902, aliifungua kwa mto huo riwaya yake Takryu, yaani Maji ya Tope, iliyotolewa kwa mfululizo katika gazeti la Chosun Ilbo tangu Oktoba 1937 hata Mei 1938. Anaufuata mto tangu bara, ungali safi, mpaka unapochafuka na kumwagika baharini. Na hapo ndipo anapotuonyesha mji. Wasomaji wengi wameifanya picha hii kuwa ufunguo wa kitabu chote: mto ni taifa, tope ni utawala wa Wajapani, na Chobong, binti mzuri apitaye katika mikono ya wanaume waovu, ni Korea yenyewe. Tafsiri hii si ya uongo, walakini ni nyepesi mno, na humnyima mwandishi sifa yake iliyo kubwa zaidi.

Ili tuione sifa hiyo, yafaa kwanza tuujue mji. Gunsan ilifunguliwa kwa biashara ya nje mwaka 1899. Nyuma yake uko uwanda wa Honam, ghala la mpunga la Korea. Mbele yake iko bahari iendayo Japani. Japani ilipokwisha kuitwaa Korea mwaka 1910, reli ikaufikia mji mwaka 1912, na baadaye bandarini pakawekwa madaraja yaeleayo, yapandayo na kushuka pamoja na maji, kwa kuwa pwani ile hujaa na kupwa kwa kadiri kubwa. Mchele ukapakiwa melini kwenda Japani, na wengi wa wakulima walioupanda wakala nafaka duni.

Katika mji huo palikuwa na soko la mchele pasipo mchele. Watu walinunua na kuuza bei tu. Aliyebahatisha kwamba itapanda alipata ikipanda, na aliyekosea alifilisika kabla ya jua kutua. Na bei yenyewe ilifuata ile ya Osaka. Hapo mlangoni ndipo tunapokutana na Jeong, baba yake Chobong, mtu aliyekuwa karani wa wilaya. Ameshikwa ukosi na kijana, kwa sababu alicheza bila ya fedha mfukoni, akashindwa.

Tazama sasa jinsi soko hilo linavyoingia nyumbani. Ko Tae-su, karani wa benki, aiba fedha za benki na kuzipoteza katika soko lile lile. Huyu ndiye amposaye Chobong, na wazazi wamkubali kwa kutumaini kwamba atawapa mtaji wa duka. Moyo wa binti ulikwisha kumwelekea Nam Seung-jae, kijana ajifunzaye uganga wa hospitali, lakini moyo hauna bei. Mwandishi hakuweka mlangoni mwa nyumba hii Mjapani mwenye kiboko. Baba mwenyewe, tena baba ampendaye bintiye, ndiye apigaye hesabu. Hivi ndivyo utawala wa kigeni unavyofanya kazi yake kamili: humfundisha mnyonge kumpima mwanawe kwa mizani ya soko, naye akadhani kwamba ni busara yake. Kwa sababu hii nasema Chobong si sanamu ya taifa. Ni mtu aliyeuzwa na watu wenye majina, na tukimgeuza sanamu tunawafutia hao hatia yao.

Kitabu kina kasoro. Hadithi ihamapo Seoul, soko hubaki nyuma, na matukio hufuatana kwa mshindo mpaka Chobong anapomwua Jang Hyeong-bo, mtesi wake. Tena Hyeong-bo amepewa kibiongo, kana kwamba uovu lazima uonekane mgongoni. Hili lapingana na fundisho la kitabu chenyewe, ambamo waovu wengine wana sura njema na mavazi nadhifu.

Yabaki neno moja zito. Katika miaka ya mwisho ya vita Chae Man-sik naye aliandika maneno ya kuunga mkono utawala wa Japani. Baada ya Korea kukombolewa mwaka 1945 aliandika hadithi Minjogui Joein, yaani Mkosaji wa Taifa, iliyoanza kutolewa mwaka 1948, na humo alijihukumu. Akafariki mwaka 1950. Wako wasemao kwamba doa hili laitangua Takryu. Mimi sikubali, wala sikubali wale wanaotaka kulifunika. Mwandishi aliyeeleza jinsi mtu mwema anavyojiuza kidogo kidogo alikuja kuwa mfano wa maelezo yake, na mhakiki hana budi kuvisoma vitabu hivi viwili pamoja.

Gunsan ilimjengea Chae nyumba ya ukumbusho kando ya mto mwaka 2001. Mjini bado limesimama hekalu la Dongguksa, lililojengwa kwa mtindo wa Kijapani, na uani mwake, tangu mwaka 2012, liko jiwe la toba lililowekwa na watawa wa Kibuddha kutoka Japani. Hekalu halikubomolewa, na hatia haikufichwa. Chae Man-sik naye astahili kusomwa hivyo.