Ndoto 375 za Mary Calkins: Daftari Kwanza, Tafsiri Baadaye

Kwetu ndoto husimuliwa asubuhi na tafsiri ikatolewa papo hapo: umeota nyoka, una adui, jino limeng'oka, kuna msiba. Mwaka 1891 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Whiton Calkins wa Chuo cha Wellesley, alishika njia nyingine. Alizikusanya ndoto kwa wingi, ndipo akauliza zinasema nini.

Vifaa vyake vilikuwa vya kawaida: penseli, karatasi, mshumaa na kiberiti kando ya kitanda. Saa ya kengele ilitegwa ilie nyakati tofauti za usiku, maana anayengoja kuamka mwenyewe mara nyingi huambulia ndoto za alfajiri. Akiamka, aliandika palepale kila alichokumbuka. Mwenzake Edmund Sanford, wa Chuo Kikuu cha Clark, alifanya vivyo hivyo. Calkins alipata ndoto 205 kwa usiku 55, Sanford 170 kwa usiku 46. Matokeo yalichapishwa mwaka 1893.

Kazi ngumu ilikuwa sekunde za mwanzo. Calkins aliona kwamba hata kunyoosha mkono kuchukua penseli, au kuwasha mshumaa, kulitosha kuifuta ndoto. Akabaki akijua kwamba ameota jambo la kuvutia, asikumbuke hata chembe. Kwa hiyo ukizinduka usijigeuze. Irudie ndoto kichwani kwanza, kisha ndio ushike kalamu.

Baadaye kila ndoto ililinganishwa na maisha ya mchana: huyu ni nani, hapa ni wapi, jambo hili limetoka wapi? Ni takriban ndoto 11 kati ya kila 100 ambazo hazikuonekana kuhusiana na maisha hayo. Zilizobaki zilijaa watu, mahali na mambo aliyoyajua mwotaji, mara nyingi madogo madogo. Calkins aligundua pia kwamba ndoto huzidi kadiri kunavyokaribia kucha. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago walieleza usingizi wa macho kuchezacheza, wenye ndoto nyingi, ambao vipindi vyake hurefuka usiku unapokwisha.

Mbinu hii ina udhaifu wake. Waotaji walikuwa wawili tu, na aliyeota ndiye aliyeamua kama uhusiano upo. Anayeutafuta hakosi kuuona. Dawa ni kuandika mambo ya mchana kabla ya kulala, kwenye ukurasa wa kushoto, na kuiachia ndoto ukurasa wa kulia. Hapo huwezi kuichagulia ndoto ushahidi baada ya kuiota.

Nyoka akijitokeza mara nne, na kila mara ukurasa wa kushoto unataja mwenye nyumba na kodi yake, umepata dokezo ambalo kitabu cha tafsiri hakingekupa. Akijitokeza mara moja, mwandike tu, ugeuze ukurasa.